Mheshimiwa Amekataza Maziwa

Perpetua hakuwa mtu wa nyama, na jambo hilo kijiji kizima cha Gitting walishalizoea kama walivyouzoea ukungu wa asubuhi. Alipokuwa msichana, Krismasi moja, baba yake alimwita aje kushika miguu ya mbuzi, na mbuzi mwenyewe alikuwa yule aliyekuwa akimfuata hadi kisimani. Alishika, kwa kuwa baba akisema amesema. Ila nyama ilipoletwa haikupita kooni, na haikupita tena mpaka akaolewa, akazaa, na mvi zikaanza kumchungulia chini ya kilemba. Kwenye sherehe walimwekea maharage pembeni. Mume wake, Ezekiel, ndiye aliyekuwa mtetezi wake mkuu, maana finyango za mke siku zote ziliishia kwenye sahani yake.

"Mke wangu ana roho laini," alikuwa akiwaambia watu huku akitafuna.

Maziwa lilikuwa jambo lingine kabisa. Maziwa Perpetua aliyanywa kama anavyopaswa kuyanywa mtu aliyezaliwa kwenye baridi: asubuhi kwenye chai, mchana mgando pembeni ya ugali, jioni malai ndani ya mboga za majani. Mayai alikula. Asali alilamba mpaka watoto wakamwonea haya. Ungemuuliza, angekwambia hakuna mnyama aliyekufa kwa sababu ya kikombe cha chai, na angekuongezea kingine.

Hayo yote yaliharibika kwa sababu ya Mheshimiwa.

Mheshimiwa alikuwa ng'ombe wa kisasa, mweusi mwenye mabaka meupe, aliyenunuliwa mwaka wa uchaguzi. Ezekiel alimpa jina hilo kwa sababu hakwenda popote bila kutanguliwa na mtu, na alikula vizuri kuliko waliomweka hapo. Maziwa yake yalikuwa yakisifiwa hadi mjini Katesh. Msimu huo alizaa ndama dume, na ndama, baada ya kuhara mfululizo, akafa. Mheshimiwa akagoma. Alisimama bandani na kiwele chake kimejaa, akilia, na hakuachia hata tone.

Ezekiel hakuwa mtu wa kushindwa na ng'ombe. Alimchuna yule ndama, akaianika ngozi, akaijaza majani ya ngano, akaishona tumbo kwa uzi wa katani na kuisimamisha juu ya miti minne. Halafu, kwa vile hakupenda kazi ya nusunusu, aling'oa vifungo viwili vya koti lake la zamani, akavishona pale penye macho.

Alipoiweka mbele ya Mheshimiwa, ng'ombe aliinusa, akatulia, na maziwa yakashuka. Ezekiel alikamua huku akipiga mluzi. Perpetua alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya pili. Alimwona Mheshimiwa akiilamba ile ngozi taratibu, kuanzia sikio, akishuka shingoni, akipanda tena mpaka kwenye kifungo. Akakilamba kifungo. Akaacha, akakitazama. Akakilamba tena.

Asubuhi hiyo chai ilimshinda Perpetua.

"Inakuwaje?" aliuliza Ezekiel. "Ina moshi?"

"Haina moshi. Ina kifungo."

Ezekiel aliangalia ndani ya kikombe.

"Baba Gerald, sinywi tena maziwa ya mnyama aliyedanganywa."

"Basi kunywa ya yule ng'ombe mwekundu. Yeye hajadanganywa."

"Atadanganywa kesho," alisema Perpetua, akainuka kwenda kujipikia chai ya rangi.

Binti yao, Glory, alikuwa akisoma chuo Dodoma. Alipopigiwa simu alishangilia kama aliyesikia mama yake amechaguliwa kwenda Roma.

"Mama, hongera! Kumbe na wewe umekuwa vegani!"

"Nimekuwa nini?"

"Vegani. Ni watu wasiotumia chochote cha mnyama. Wako wengi duniani. Maziwa hapana, mayai hapana, samli hapana. Na asali pia."

"Asali imekosa nini?"

"Ni ya nyuki, Mama."

"Najua ni ya nyuki. Nauliza imekosa nini."

Glory alieleza kwa kirefu habari za nyuki na jasho lao. Nyuma yake Perpetua alisikia sauti ikiita, "Chipsi mayai ya nani?" na Glory akajibu, "Yangu!" kisha akasema mtandao unasumbua.

Kukataa nyama, Perpetua aligundua, ni kukataa kitu kimoja unachokiona. Nyama haijifichi. Maziwa na ndugu zake walikuwa kama ukoo wa mume: kila mlango ukiufungua, yumo mmoja ndani. Mboga za majani zilikuwa na malai. Uji ulikuwa na maziwa. Biskuti, alipovaa miwani akasoma nyuma ya pakiti, zilikuwa na unga wa maziwa, na herufi zenyewe zilikuwa ndogo kama za mtu anayeona aibu. Alikula ugali na maharage, kesho yake maharage na ugali, na siku ya tatu akajikuta jikoni amekwishalamba mwiko wa malai kabla akili haijafika. Akatema kwenye majivu, akautazama ule mwiko kwa huzuni.

Alijaribu kutengeneza maziwa ya karanga. Alizitwanga, akazichuja kwa kitambaa, akamimina kwenye chai ya moto. Kilichotokea ndani ya kikombe kilimfanya Ezekiel asogeze kiti chake nyuma.

"Mama Gerald, hii tulitaka kupaka ukuta gani?"

Kwa jirani yake Fabiola mambo hayakuwa afadhali. Fabiola alikuwa mpika maandazi na mwenyekiti wa jumuiya ya kanisani, na kazi zote mbili alizifanya kwa sauti kubwa.

"Lina mayai ndani?" aliuliza Perpetua akiwa ameshika andazi.

"Yai moja! Yai moja kwenye beseni zima! Hilo yai utakutana nalo wapi, mama? Likikufikia wewe, basi ni bahati yako."

Perpetua alilirudisha andazi. Fabiola alilitazama lile andazi lililokataliwa, akamtazama Perpetua, na jioni ya siku hiyo habari zikawa zimezunguka kilima chote: Mama Gerald ameingia dini mpya. Wengine walisema ni dini ya watu wa kijani, wengine kwamba wanaruhusiwa kula majani tu mpaka mwisho wa dunia, na mwisho wenyewe umetajwa.

Jumapili baada ya misa jumuiya ilikuja kumwombea. Walijaa sebuleni na kanga zao nzuri, na Perpetua, ambaye hakujua wanakuja kwa nini, aliwachemshia chai. Chai ya rangi. Mawazo ya maziwa yalikuwa yamemtoka kabisa. Wale kina mama walipokea vikombe, wakachungulia mle ndani mlimokuwa na weusi, na mmoja wao akauliza kwa sauti ya chini, "Nani amefariki?"

"Tuombe," alisema Fabiola haraka. Akafumba macho. "Ee Bwana, uliyewaahidi watu wako nchi ijaayo maziwa na asali, mtazame huyu mama aliyefika hiyo nchi akagoma kula."

Perpetua alibana midomo. Mabega yalianza kumtetemeka. Kina mama wakadhani analia, wakamshika mikono, na Fabiola, akiamini maombi yamefika, akaongeza sauti.

Angeweza kuendelea hivyo, akivumilia vikombe na minong'ono, kama mtoto wake Gerald asingetaka kuoa.

Msichana aliitwa Eva, na kwao ni Hirbadaw, kwa Wadatoga, watu ambao ng'ombe kwao ni jamaa kwanza na mali baadaye. Gerald alikutana naye Katesh, ambako Eva alikuwa anajifunza ushonaji. Barua ya posa ilipokelewa vizuri, na siku ikapangwa wazazi waende kuonana. Mshenga alikuwa Isidori, kaka yake Ezekiel, mtu ambaye aliweza kumshawishi punda apande ngazi. Walipokuwa ndani ya gari wakiteremka kuelekea tambarare, jua likianza kuwaka na ukungu wa Gitting ukibaki nyuma mlimani, Isidori aligeuka.

"Shemeji, pale tutapewa maziwa. Kwenye kibuyu. Ndiyo salamu yao."

"Najua."

"Ukikataa maziwa, umemkataa binti."

"Najua, shemeji."

"Sasa lowanisha mdomo tu. Mdomo si tumbo. Hata huyo Glory wako hawezi kuukatalia mdomo."

Perpetua aligeukia dirishani. Gerald, aliyekaa karibu naye amevaa tai iliyomkaba, alimtazama kwa macho ya mtu anayeona daraja linatikisika.

Walipokelewa vizuri. Mzee Gidahuda, baba yake Eva, alikuwa mrefu, amejifunga shuka jeusi, na mkononi ana fimbo nyembamba. Wazee wengine walikaa kwenye vigoda kando ya boma. Bibi yake Eva, Udamajan, alikuwa ameketi kwenye ngozi, shingo imejaa shanga na bangili za shaba zikipanda mkono mzima. Perpetua alimwinamia, "Shikamoo, mama," na bibi akaitikia "Marahaba" kwa lafudhi yake, akimkagua kutoka kilemba hadi viatu.

Kisha kibuyu kikaletwa.

Harufu ndiyo iliyofika kwanza. Kilikuwa kimefukizwa kwa kijinga cha moto kama wanavyofanya wenye kujua, na maziwa yaliyogandia humo yalinukia moshi na malai na utoto. Mate yalimjaa Perpetua mdomoni. Hakuna kitu alichokitamani duniani wakati ule kuliko kukishika kile kibuyu kwa mikono miwili na kukiinamisha. Ezekiel alikunywa. Isidori alikunywa, akatoa sauti ya kuridhika iliyokuwa na sifa ndani yake. Gerald alikunywa mpaka akapata masharubu meupe. Kibuyu kikamfikia yeye.

Alikishika. Akakiona kile kifungo. Akakirudisha kibuyu.

"Asante sana. Nimeshukuru. Sinywi."

Kando ya boma mbuzi mmoja alisikika akitafuna. Isidori alikohoa. Ndani ya nyumba, nyuma ya mlango walikokuwa wamejificha Eva na dada zake, kitu kilidondoka.

"Mama," alisema Mzee Gidahuda polepole, "maziwa yetu yana nini?"

"Hayana kitu, baba. Mazuri kabisa. Ni mimi tu. Ni..." Alitafuta neno. Vegani lilimtoka kichwani kama kuku aliyeona mlango wazi. Akabaki na lile walilokuwa wakilisema nyumbani kila siku. "Ni Mheshimiwa. Mheshimiwa amenikataza."

Wazee walinyooka wote kwa pamoja.

"Mheshimiwa amekataza maziwa?" aliuliza mmoja.

"Niliwaambia!" alidakia mwingine, akisimama kabisa. "Niliwaambia walipokuja kuhesabu ng'ombe! Mtu hahesabu kitu bure!"

"Ni kwa Gitting tu, au na Hirbadaw?"

"Limetangazwa redioni?"

"Jamani, jamani," alisema Ezekiel akiinua mikono, jasho likimtoka. "Mheshimiwa ni ng'ombe."

Wazee walimtazama. Yule aliyesimama aliangalia nyuma yake, kama anayehakikisha hakuna mtu wa serikali aliyesikia.

"Mzee," alisema Gidahuda, "sisi pia tuna manung'uniko yetu. Lakini hatutukani."

"Si tusi! Ni ng'ombe kweli! Ng'ombe wangu, wa maziwa! Jina lake Mheshimiwa!"

Ilichukua muda. Gidahuda alitafsiri kwa Kidatoga, akimgeukia mama yake, na bibi Udamajan, ambaye mpaka hapo alikuwa kama amesinzia, alifumbua macho yote mawili. Akaanza kuuliza. Alimuuliza Perpetua, si wanaume, na mwanawe akawa anapitisha maneno huku na huku.

"Bibi anauliza, ng'ombe ana rangi gani?"

"Mweusi mwenye mabaka meupe."

"Pembe?"

"Walizikata kabla hatujamnunua."

Bibi aligonga ulimi kwa kusikitika.

"Amekukatazaje?"

Basi Perpetua akasimulia. Alianza kwa aibu, kisha aibu ikamwishia njiani. Alisimulia ndama alivyokufa, ng'ombe alivyolia, ngozi ilivyojazwa majani ya ngano. Wazee walikuwa wakiitikia kwa vichwa, kwani mpaka hapo hawakusikia jambo geni. Nao hutengeneza ngozi ndama akifa. Ndipo alipofika kwenye vifungo.

Gidahuda alisita kabla ya kutafsiri. Alipotafsiri, bibi Udamajan alimgeukia Ezekiel na kusema kwa Kiswahili chake mwenyewe, cha kwanza walichomsikia tangu aitikie salamu:

"Vifungo? Ng'ombe ni shati?"

Wazee waliangua kicheko. Mmoja alipiga goti lake kwa fimbo. Ezekiel alijaribu kueleza kwamba vilikuwa vifungo vizuri, vya koti la sufu, jambo ambalo halikumsaidia.

Bibi aliongea kwa kirefu, na mwanawe akafuata nyuma. Alisema hata yeye amewadanganya ng'ombe wengi kwa ngozi maishani mwake. Ng'ombe anajua anadanganywa, anakubali kwa sababu na yeye anataka kitu cha kulamba. Hiyo ni kazi kati ya wawili. Lakini kumwekea macho ni dharau, ni kumwambia hana akili. Huyu mama hakukosea kununa. Ila amenuna kupita kiasi.

"Anauliza," alisema Gidahuda, "mjukuu wake akija kwenu atakunywa nini?"

"Atakunywa maziwa," alisema Perpetua. "Mimi simkatazi mtu. Nimejikataza mwenyewe."

Bibi alipiga hesabu kimyakimya. Uso ukamfunguka.

"Kwa hiyo fungu lako litakuwa lake?"

"Lake, mama."

Wanawake waliokuwa nyuma walipeana macho. Mama mkwe asiyegusa maziwa! Wengine wana mama wakwe wanaofunga malai kabatini. Nyuma ya mlango kukasikika kicheko kilichozibwa kwa kiganja.

Kisha bibi akatoa sharti lake. Kati ya ng'ombe wa mahari, alimtaka Mheshimiwa.

Ezekiel alisimama kama aliyekalia siafu. Alisema huyo ni wa kisasa. Anakula majani ya mabingobingo yaliyokatwakatwa na pumba. Jua la Hirbadaw likimwangukia atakufa. Hajui kutembea, hata maji ya kisimani huletewa. Kadiri alivyozidi kumweleza, ndivyo Mheshimiwa alivyozidi kuonekana mgonjwa wa kuonewa huruma, na bibi akawa anatikisa kichwa. Isidori akaingia kati na ulimi wake wote. Walipanda, wakashuka. Jua lilikuwa limepita utosini walipokubaliana: Mheshimiwa abaki kwenye baridi yake, ila ndama jike wa kwanza atakayemzaa atakuwa wa Eva, na asitengwe na mama yake. Atanyonya mpaka amchoke mwenyewe.

"Mpaka amchoke?" alisema Ezekiel kwa sauti nyembamba. "Na mimi nikamue nini?"

"Kitakachobaki," alisema Gidahuda.

Perpetua alimtazama mume wake, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kifungo moyo wake ulikuwa mwepesi. Ndipo bibi alipomwashiria msichana mmoja, na likaja bakuli dogo.

"Hunywi maziwa. Sawa," alisema bibi. "Basi lamba hii, tuwe ndugu."

Ilikuwa asali. Nyeusi, nzito, na kipande cha sega kikielea katikati. Perpetua alifikiria nyuki na jasho lao. Alimfikiria Glory. Alimwona Isidori amefumba macho kama anayeomba. Akachovya kidole, akalamba. Akachovya tena. Ya tatu haikuwa ya undugu, na kila mtu alijua.

Walipokuwa njiani kurudi alimpigia binti yake.

"Glory, nimekula asali."

"Mama! Tulikubaliana!"

"Ulikubali wewe. Nyuki hawajaniambia kitu. Wakinikataza nitakwambia." Akakata simu, na Gerald, tai sasa ikiwa mfukoni, akacheka hadi machozi.

Harusi ilifungwa baada ya mavuno ya mwaka uliofuata. Wakati huo Mheshimiwa alikuwa amekwishazaa jike, mweusi mwenye baka moja, na ndama akanyonya kama mwenye mkataba. Asubuhi Ezekiel alikuwa akisimama mlangoni mwa banda na ndoo, akingoja zamu yake, na alirudi na kiasi cha kutia rangi kwenye kikombe kimoja. Alilalamika wiki nzima. Kisha akawa anakwenda mapema kidogo kuliko inavyohitajika, akisema anakwenda kuangalia kama ndama amesaza, na akawa anakaa huko.

Perpetua mwenyewe hakuwa mkamilifu. Samli aliacha, mayai akaacha, asali akairudia bila kumwarifu yeyote. Kwa Fabiola alinunua maandazi siku ambazo Fabiola aliapa kwa Mungu kwamba kuku hawakutaga.

Aliyepata taabu ni Eva. Chakula chote alichokijua kilianza na maziwa. Wiki yake ya kwanza pale nyumbani aliamua kumpikia mama mkwe peke yake, asubuhi nzima akiwa jikoni mlango umefungwa. Alitoka na sahani ya ngano iliyochemshwa pamoja na maharage, akaiweka mezani, akapiga goti pembeni kungojea.

Perpetua alionja. Macho yalimtoka kidogo. Akameza.

"Mwanangu, chumvi imeingia."

"Nimezoea maziwa yanaipunguza, mama," alisema Eva. "Sikujua bila maziwa inabaki pale pale."

Perpetua alivuta jagi la maji karibu, akakunja mikono ya gauni.

"Keti, tule wote," alisema. "Na wewe Baba Gerald, usijifanye unakwenda bandani. Chukua kijiko."

Ezekiel alirudi kutoka mlangoni na kuketi.